Nywele Hizi Hazishiki

Ile picha ya Dedan Kimathi akiwa amelazwa kwenye machela unaijua, hata kama hukuwahi kuitafuta. Ni Oktoba 1956, amepigwa risasi na kukamatwa upande wa Nyeri, mikono iko kwenye pingu. Imechapishwa kwenye fulana, kwenye matatu, kwenye vitabu vya shule. Watu wengi huanza na pingu. Mimi huanza na nywele, na kitu cha kwanza ninachoona ni kwamba hazilingani. Kuna fungu nene hapa, kamba nyembamba pale, na nyingine ni vifundo tu ambavyo havijaamua vitakuwa nini. Msusi yeyote wa tao akiletewa kichwa kile leo atauliza ni nani alikiharibu.

Halafu kuna sanamu. Iko Kimathi Street, ilizinduliwa Februari 2007, miaka 50 baada ya serikali ya kikoloni kumnyonga pale Kamiti. Bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine, na dredi zimetulia kana kwamba zimesokotwa asubuhi hiyo. Simlaumu aliyeitengeneza. Shaba haina unywele unaochomoka. Ila nadhani wengi wetu tulijifunza dredi kwa sanamu, hatukujifunza kwa picha. Tunaamini dredi ni kitu kinene, kinacholingana kutoka paji hadi kisogo, na mtu ambaye kichwa chake hakitoi kitu hicho basi hakuumbiwa dredi.

Mimi nina nywele nyepesi. Nimeambiwa sentensi ileile kwenye saluni tatu, moja Umoja na mbili katikati ya jiji, na kila mara kwa upole: "Hizi hazishiki, mrembo. Tuunge." Kuunga ni kuongezewa nywele za dukani ndani ya zako ili dredi zitoke nene siku hiyohiyo. Nilikataa, na wala si kwa msimamo wowote mkubwa. Bei ilikuwa inakaribia kodi ya chumba changu. Lakini sentensi ilinikaa. Hazishiki ukizilinganisha na nini? Wale walioanza mambo haya walikuwa na nywele za aina gani, na ni nani aliyezipima akasema zinatosha?

Tuanze na lugha, kwa sababu Kiswahili cha saluni kina neno moja, nyepesi, kwa vitu viwili tofauti. Kuna unywele mwembamba: uzi wenyewe ukiushika katikati ya vidole karibu huusikii. Na kuna nywele chache: mashina yako mbalimbali na ngozi ya kichwa inaonekana. Mtu anaweza kuwa na nyembamba lakini nyingi, au nene lakini chache, au, kama mimi, nyembamba kote na chache hapo mbele. Tofauti hii ina maana kubwa. Unywele mwembamba unashikana vizuri tu. Shida yake ni kwamba hukatika upesi na hufunguka ukioshwa kabla haujakomaa. Nywele chache nazo hushika, ila kila dredi ikijikusanya mahali pake, ngozi iliyo katikati inabaki wazi kama barabara ya vumbi. Msusi anayesema "hazishiki" mara nyingi anamaanisha "hazitajaza". Hayo ni mambo mawili, na pesa unayotoa inategemea lile unaloambiwa.

Kushika kwenyewe si muujiza. Kila unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ukiweka maji na msuguano, magamba ya huu yanakwama kwenye ya ule, jinsi sweta ya sufu inavyojikaza na kuwa kama blanketi ukiifua vibaya. Nywele za kipilipili zina faida kwa sababu zimejikunja tayari, nusu ya kazi imefanyika. Halafu kuna zile zinazong'oka. Kichwa cha kawaida hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Ukichana, zinatoka na kitana. Usipochana zinabaki palepale, zimenaswa na zile ambazo bado zina mizizi, na hizo ndizo zinazoinenepesha dredi mwaka baada ya mwaka. Sehemu kubwa ya dredi ya zamani ni nywele zilizoachana na kichwa kitambo sana.

Kwa hiyo kinachohitajika hasa ni muda bila kitana. Kwa nywele nyepesi muda huo ni mrefu zaidi, basi.

Kama unabisha, angalia India. Sadhu wa Kihindu, wale watawa wanaojipaka majivu, wana misokoto inayoitwa jata, na mungu Shiva mwenyewe huchorwa akiwa nayo. Nywele zao ni zile ambazo Kiswahili kimeziita za singa tangu zamani: laini, zilizonyooka, zinazoteleza. Ni nywele ambazo maduka ya Dubois Road hututangazia kwa kunyooka kwake. Hakuna anayewashona sadhu kwa krosheti. Wameacha kuchana, wameishi, na baada ya miaka kichwa kimejifunga chenyewe. Nywele za singa zikiweza, zangu zina kisingizio gani?

Hapa kwetu nako wembamba haukuwa dosari. Angalia moran wa Kimaasai au wa Kisamburu: nywele zimesokotwa nyuzi nyingi nyembamba mno, zimepakwa mafuta na udongo mwekundu, zinaning'inia mgongoni kama pazia. Unene hauna kazi pale. Uzuri wa mtindo wote uko kwenye wingi wa nyuzi na mkono wenye subira wa rafiki anayekusokota. Picha za mwanzo wa karne iliyopita zinaonyesha vijana wa Kikuyu, wale anake wa vita, wakiwa na mtindo wa ukoo huohuo. Na nywele hizo zilikuwa na mwisho unaojulikana. Moran akifika eunoto, sherehe ya kutoka kwenye rika la upiganaji, mama yake anamnyoa. Wengine hulia hapo, vijana wakubwa kabisa, wenye mikuki.

Kwa Wakikuyu wembe ulikuwa kila mahali. Kunyoa kuliambatana na kutahiriwa, na arusi, na msiba. Mwanamke aliyeolewa alinyoa kichwa. Naomba uushike huo mstari wa mwisho, tutaurudia.

Mpangilio huu unaonyesha kitu ambacho nimeanza kukiona kila ninapogusa historia ya dredi. Nywele zilizoachwa ni kumbukumbu ya muda. Zinasema: kwa kipindi chote hiki hakuna mtu aliyekuwa na uwezo, au ruhusa, ya kunipitishia wembe au kitana. Kwa moran kipindi kinapimwa na rika, na mwenye ruhusa ni mama. Ugomvi unaanza pale mtu anapokataa kipimo.

Ulianza kabla ya Mau Mau. Miaka ya 1920 na 1930 kulikuwa na manabii wa Kikuyu walioitwa Watu wa Mungu, ambao leo tunawajua kama Akorino, wenye vilemba vyeupe. Walisali, walikataa mambo mengi ya kizungu, na waliacha nywele na ndevu zikue. Bibilia ilikuwa upande wao. Hesabu sura ya 6 inamkataza mnadhiri kupitisha wembe kichwani siku zote za nadhiri yake. Serikali haikuona nadhiri, iliona watu wanaojificha msituni. Februari 1934 polisi waliwaua watatu wao katika msitu wa Ndarugu, akiwemo Joseph Ng'ang'a.

Hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 1952, na maelfu ya watu wakaingia Nyandarua na Mlima Kenya. Hapa ndipo hadithi inaposimuliwa haraka mno: waliapa wasinyoe hadi uhuru, wakawa na dredi, mwisho. Mimi ningependa tukae kidogo msituni tuangalie vichwa vyenyewe. Nyandarua ni mianzi, ukungu, mvua isiyoisha. Unalala chini, kichwa kinasuguana na majani na koti. Maji na msuguano, ndiyo ile habari ya sweta. Hakuna wembe wa ziada, hakuna mafuta ya kulainisha. Na kuna njaa. Serikali ilichimba handaki kubwa kati ya msitu na vijiji ili chakula kisipite, na vijiji vyenyewe vikazungushiwa ulinzi. Mwili wenye njaa hauna protini ya kupoteza kwenye nywele. Unywele unakonda, unang'oka, unachelewa kurudi. Hiyo ni kanuni ya mwili wa binadamu yeyote, na sioni kwa nini wapiganaji wangesamehewa. Nikiirudia ile picha ya machela na mawazo hayo, zile kamba nyembamba katikati ya mafungu hazinishangazi tena. Nadhani wengi wa wale watu walikuwa na nywele nyepesi. Zilishika tu.

Wakoloni walizichukulia nywele hizo kwa uzito kuliko sisi. Ian Henderson, afisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi, alitumia magenge bandia: wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa, wakirudishwa msituni kuwawinda wenzao. Maofisa wazungu waliokwenda nao walijipaka rangi nyeusi usoni na kuvaa mawigi. Hebu fikiria. Himaya yenye ndege za kivita ilikaa chini ikatengeneza mawigi ya dredi, kwa sababu bila nywele hizo mtu asingeweza kupita msituni akiwa hai. Kila nikipita duka linalouza dredi tayari, zimepangwa ukutani kwa urefu, huwa nacheka peke yangu. Si kosa la mwenye duka. Ni historia tu ina utani wake.

Na waliokamatwa walifanywa nini? Kwenye kambi za Mwea mwaka 1957, wafungwa waliofika kutoka Manyani walilazimishwa kubadili nguo na kunyolewa, na aliyesita alipigwa. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alishuhudia mapokezi hayo na kumwandikia gavana kuyaeleza na kuyatetea. Mashine ya kunyolea ilikuwa chombo cha kwanza cha kumwambia mtu kwamba muda wake si wake tena.

Mmoja ambaye hawakumfikia ni Muthoni wa Kirima. Aliingia msituni akiwa mwanamke mchanga aliyeolewa na akatoka uhuru ulipopatikana, 1963. Ndiye mwanamke pekee aliyepewa cheo cha Field Marshal. Kimathi alimwita Nyina wa Thonjo, mama wa ndege wafumaji, wale wanaosuka viota, kwa ujanja wake wa kupanga mambo. Sasa urudie ule mstari niliokuomba uushike: mwanamke aliyeolewa alinyoa kichwa. Nywele ndefu zilizosokotwa zilikuwa za anake, za wanaume wa vita. Muthoni hakukataa wembe wa mzungu peke yake. Alivaa kichwani kitu ambacho mila yake mwenyewe ilikuwa imewatengea vijana wa kiume, na hakukivua vita vilipoisha. Wanaume wengi waliotoka msituni walinyoa, wakarudi kutafuta mashamba ambayo wengi hawakuyapata. Yeye aliziacha, na alisema wazi kwamba anangoja kuona matunda ya uhuru. Alingoja hadi tarehe 2 Aprili 2022, Nyeri, ambapo Mama Ngina Kenyatta alizikata, Muthoni akiwa na zaidi ya miaka 90. Alifariki Septemba 2023.

Ile siku mtandaoni watu waligombana. Kwa nini Mama Ngina, kwa nini mjane wa rais ambaye utawala wake uliwaacha wapiganaji bila ardhi? Ni swali halali na sitajifanya nina jibu la kumaliza ugomvi. Ila ukikumbuka eunoto, kunyolewa hakukosi maana: kuna mtu mwenye haki ya kushika wembe, na kumchagua ni jambo zito kuliko kunyoa kwenyewe. Muthoni alichagua mwenyewe, baada ya miaka 70. Wale wa Mwea hawakuchagua.

Hapa ndipo mtu huniambia: basi Marasta walitoa dredi kwa Mau Mau. Hadithi hii inapendwa sana, naipenda pia, lakini tarehe zinaikwaza. Barry Chevannes, msomi wa Jamaika aliyewahoji wazee wa Rastafari, alizihusisha dredi na kundi la vijana la Kingston lililoitwa Youth Black Faith, lililoanza 1949. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya hali ya hatari hapa. Wengine huzirudisha nyuma zaidi, hadi kwa walinzi wa Leonard Howell kule Pinnacle. Wengine huwataja Wahindi, walioanza kupelekwa Jamaika kama vibarua wa mkataba mwaka 1845, na kumbukumbu ya jata zao. Picha za wapiganaji wa Kenya zilipofika kwenye magazeti ya dunia miaka ya 1950 zilikuta dredi ziko Kingston tayari, zikaongeza moto kwenye kitu kinachowaka. Na kusema hivyo hakuwapunguzii wapiganaji chochote. Inamaanisha kwamba watu waliosukumwa pembezoni, kwenye visiwa na misitu iliyotengana kwa bahari mbili, waliacha kuchana karibu wakati mmoja, bila mmoja kumwiga mwenzake. Hiyo naiona nzuri kuliko hadithi ya nani alimfundisha nani.

Kilichotufikia miaka ya baadaye, kupitia rege, ni picha ya Bob Marley, na ile picha ndiyo sanamu ya pili. Lakini hata Marley ana albamu za mwanzo ambapo nywele ni fupi na zimechomoka ovyo, na ana mwisho ambao mabango hayauonyeshi. Saratani na matibabu yake zilimnyang'anya dredi kabla ya kufariki Mei 1981. Nywele nyepesi zilimfikia hata yeye.

Uhuru haukumaliza habari ya wembe. Miaka ya 1990 na 2000 Mungiki walivaa dredi na kudai urithi wa msituni, na kwa kuwa Mungiki pia walitoza watu pesa na kuua, dredi zikawa ushahidi dhidi ya kila kijana wa mtaa. Kundi lilipigwa marufuku 2002, na msako wa 2007 ukafika Mathare na risasi. Vijana wengi ambao hawakuwa na uhusiano wowote na kundi hilo walijinyoa wenyewe usiku, mbele ya kioo, ili asubuhi wafike kazini. Konda mmoja wa laini yetu aliniambia kwamba alizika zake nyuma ya nyumba. Alikuwa na miaka sita ya nywele. Ukiuliza kwa nini sehemu za Nairobi hakuna wazee wenye dredi ndefu, sababu mojawapo ni hiyo.

Halafu Januari 2019 shule moja ya Kibera ikamfukuza msichana wa kidato cha kwanza kwa ajili ya dredi zake. Septemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba Rastafari ni dini kama nyingine na kwamba mtoto yule ana haki ya kusoma na nywele zake. Uamuzi ule niliusoma wote kwenye simu, ndani ya mat, nikapitiliza stegi yangu. Ukitazama kwa makini, unalinda imani. Haulindi nywele. Mwanafunzi asiye Rasta anayetaka tu kuziacha bado yuko mikononi mwa mwalimu wa nidhamu.

Kwa hiyo unaporudi saluni na sentensi ya "hazishiki", angalia kinachouzwa. Kinachouzwa ni muda. Msusi anajua kwamba nywele nyepesi zitakaa miezi zikiwa zimechanganyikiwa, si dredi si afuro, na kwamba miezi hiyo una bosi, una shemeji, una mama anayekuuliza kama uko sawa. Kuunga kunairuka miezi yote. Krosheti nayo inairuka: sindano ndogo yenye ndoana inavuta nywele ndani na nje hadi zifungane siku hiyohiyo. Kwenye nywele nene si mbaya. Kwenye unywele mwembamba kila mvuto wa ndoana unakata kadhaa, na zilizokatwa ni zilezile ulizokuwa huna nyingi. Uzito wa nywele za kuunga unaning'inia kwenye shina ambalo haliwezi kuubeba, na mwaka wa pili paji linaanza kurudi nyuma. Wasusi wenyewe wanaliona hilo kila wiki. Wengi ni waungwana na watakuambia ukiuliza. Ni vile hatuulizi.

Kuna njia ya kati. Mwaka 1993 profesa mmoja wa San Diego, JoAnne Cornwell, alianzisha Sisterlocks: mamia ya dredi ndogondogo zinazofungwa kwa kifaa maalumu, bila nta wala jeli. Ukizitazama kwa mbali utafikiri ni nywele za moran. Wembamba ulirudi kuwa mtindo, safari hii ukiwa na jina la kibiashara na bei ya kutisha. Kwa nyembamba zilizo nyingi, zinapendeza ajabu. Kwa chache inabidi msusi awe mwaminifu, kwa sababu dredi ndogo kupita kiasi inakatikia kwenye shina, na fundi akiingiza kifaa mara kwa mara tundu lilelile, shina linatoboka kama soksi.

Nta nisingeshauri kwa mtu yeyote mwenye nywele nyepesi. Haitoki, inakusanya vumbi la jiji, na inaongeza uzito bila kuongeza nguvu. Mafuta mengi pia yanafanya magamba yateleze badala ya kukwama. Ile imani kwamba dredi zinataka uchafu ilitoka kwa watu waliowachukia wenye dredi, kisha ikaaminiwa na wenye dredi wenyewe. Nywele safi hushika upesi zaidi. Sadhu anapaka majivu, na majivu hukausha mafuta.

Zangu zilianzishwa miezi 14 iliyopita na mama mmoja wa Kayole anayefanyia kazi kwenye veranda yake. Nilimwambia, "Mama, niliambiwa hazishiki." Akazichambua kwa ncha ya kitana, akauliza nina haraka ya wapi. Hakuunga. Alizianzisha kwa misokoto ya nyuzi mbili, kwa sababu ile ya kitana ingefunguka siku ya kwanza ya kuosha, na alipanga njia zake kama matofali ya ukuta, kila mstari ukiziba pengo la mstari ulio chini, ili ngozi isionekane. Mbele, palipo pembamba, alichukua maeneo makubwa kidogo akaacha dredi zisilingane na za nyuma. Zinaonekana hivyo, hazilingani. Jumla ni 61.

Utafiti mmoja uliochapishwa 2001 ulipima nywele za vijana wenye asili ya Afrika ya Kati na Magharibi ukapata wastani wa milimita 0.256 kwa siku, polepole kuliko za Wazungu waliolinganishwa nao. Hiyo ni chini kidogo ya milimita 8 kwa mwezi. Nilipiga hesabu kwa miaka 70 ya Muthoni nikapata zaidi ya mita 6, ambazo bila shaka hakuwa nazo, maana nywele hukatika, na za njaa hukatika zaidi. Zangu kwa hesabu hiyo zina sentimita 11 mpya. Zilizo kisogoni zimeshika kabisa, ukizibinya ni ngumu katikati. Za mbele bado ncha zinafunguka nikiosha, nazisokota na vidole jioni nikisoma.

Mara ya mwisho nilimuuliza yule mama kama za mbele atazitia krosheti kidogo tu, kuzisaidia. Alikuwa anakunywa chai. Alisema nirudi baada ya wiki nane, na niache kuzishikashika.